Chembe Nyekundu, Jeni na Naftalini

Seli nyingi za mwili huzalisha nishati ndani ya mitokondria kwa kutumia oksijeni. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina mitokondria: huibeba oksijeni bila kuitumia, na kwa siku zipatazo 120 huishi kwa kuvunja glukosi pekee. Kimeng'enya kiitwacho G6PD huikinga isiharibiwe na kemikali kali. Jeni ya kimeng'enya hicho imo katika kromosomu X. Ndiyo maana upungufu wake, ambao si haba nchini Tanzania, huwaathiri zaidi wavulana.

Wengi wenye upungufu huo huishi bila dalili mpaka wakutane na kichochezi: baadhi ya dawa, au vidonge vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza wadudu. Hapo chembe hupasuka kwa wingi, mkojo ukawa mweusi. Kwa mtoto mchanga, manjano makali yaweza kudhuru ubongo.

Iwe Temeke au Kinondoni, nguo za mtoto zisihifadhiwe kwa naftalini. Macho yakiwa ya njano, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Jua la asubuhi si tiba. Naye mhudumu aulize: nguo zilihifadhiwaje, na dawa gani zimetumika?