Kubadili Kazi Ukubwani (2): Cha Kuhama Nacho

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini watu wazima, wenye mshahara na wenye familia, hutamani kuacha kazi zao na kushika nyingine. Leo tuingie penye ugumu wenyewe: mtu huyo anaanza na nini? Wengi watakwambia anaanza upya, na hulisema hilo kwa hofu, kana kwamba miaka yake ya kazi imefutwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukichunguza waliohama wakafika, utaona walihama na ujuzi waliokuwa nao tayari, kisha wakampata mtu wa kuwafundisha uliobaki.

Mfano ninaouthamini kuliko yote uko Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, kwa mama mfinyanzi. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuuza vyungu, mzigo kichwani, nyumba hata nyumba. Kunadi vyungu kunataka sauti. Lazima ipenye mlango uliofungwa, imvute mwenye nyumba atoke kutazama, na isikauke kabla mzigo haujaisha. Sifa ya sauti yake ilianza kuvuma huko, katika biashara ya vyungu, kabla hajasimama na wapiga ala.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alihamia mjini. Akakutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Mtu huyo alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, akamjulisha kwa wanamuziki wenzake. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay, India, kurekodi sahani za santuri, na jina lake likaenea pwani nzima.

Anayesimulia habari hizi huikimbilia Bombay. Mimi naomba msomaji aitazame miaka 17 iliyotangulia. Mwanamke wa shamba, asiye na jina wala mali, anajifunza kazi mpya mbele ya watu wanaoijua kuliko yeye. Sauti alitoka nayo Fumba. Namna ya kukaa na udi na fidla aliipata kwa mwalimu. Kimoja bila kingine kisingemfikisha popote.

Aliyeandika wasifu wake, Shaaban Robert, alipita njia nyingine. Yeye alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha na baadaye kuhamishiwa ofisi nyingine, na muda wote huo akaandika mashairi na vitabu. Hakungoja aache ukarani ndipo awe mwandishi. Kwa mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba kila mwezi, naiona njia hii kuwa salama zaidi, ingawa inachosha: mshahara unalisha nyumba, na kazi mpya inapata muda wa kukomaa bila kudaiwa chakula cha jioni.

Sasa, ujuzi wa kuhama nao unautambuaje? Cheo hakitakusaidia, kwa kuwa cheo hubaki ofisini. Tazama ulichokuwa ukikifanya kuanzia asubuhi. Mchukue mwalimu wa sekondari. Akiulizwa anajua nini, atataja somo lake, labda jiografia, kisha atanyamaza. Lakini kila muhula aliandaa azimio la kazi: akagawa mada kwa wiki, akaacha nafasi ya mitihani na sikukuu, na mvua ilipokatiza vipindi akajua pa kufidia. Anayesimamia mradi wa maji au ujenzi hulipwa kwa kazi ya namna hiyohiyo. Tena mwalimu huyo amewahi kueleza jambo gumu mbele ya vijana themanini wasiotaka kusikiliza. Wapo mameneja wasioliweza hilo.

Kilichobaki ni mwalimu wa kazi mpya, na hapa watu wazima huona aibu. Kwenye gereji, mwanafunzi huanza kwa kuosha vipuri kwa petroli na kumpa fundi spana. Baada ya miezi kadhaa anaijua spana inayotakiwa kabla hajaitwa, kwa sababu amekwisha kuielewa kazi inayofuata. Mtu wa miaka arobaini aliyezoea kuitwa bosi hupata shida kushika nafasi hiyo chini ya fundi wa miaka ishirini na mitano. Asipoishika, atabaki mteja wa gereji maisha yake yote. Kwa aliyejifunza hivyo mtaani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi anayoijua, na akifaulu hupewa cheti. Ni nafasi nzuri, na mafundi wengi bado hawaitumii.

Tumalizie na barua ya kuacha kazi, maana hasira huwaharibia wengi hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 28. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usome. Ukiondoka bila notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi hicho kwenye malipo yako. Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria hiyo, cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu kazi. Anayeacha kwa hiari asikitie kwenye hesabu ya mtaji wake. Malipo ya likizo ambayo hukuichukua, hayo uyaulize. Na usitoke bila cheti cha utumishi. Sheria inamwagiza mwajiri akupe.

Wiki ijayo: akiba ya miezi mingapi iwepo nyumbani, na namna ya kulizungumza jambo hili na mwenzi wako kabla barua haijaandikwa.