Musitupe ganda la ndimu: somo la yuzu kosho kutoka Japani



Munajua vile inakuwaga. Wakati ndimu zinaiva zote pamoja, bei inashuka ku soko, mama anarudi nyumbani na nusu ya kitunga, na kisha siku chache zinaoza. Hata zile tunazotumia, tunakamua maji tu, ganda tunatupa kwa mbuzi. Na pilipili ni vilevile: siku ya soko kila mutu amekuja nayo.

Katika namba hii tutaeleza namna walimaji wa nchi ya mbali, Japani, wanavyounganisha vitu hivyo viwili, ganda na pilipili, wakapata kiungo kinachokaa miezi mingi na kinachouzwa hata nje ya nchi yao. Kiungo hicho kinaitwa yuzu kosho.

Yuzu kosho ni nini?

Yuzu ni tunda la jamaa ya ndimu na machungwa. Lilitoka China, likaingia Japani zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Ganda lake ni nene, lina mikunjo-mikunjo, na ndani kuna mbegu mingi na maji kidogo. Mutu akiliona ku soko hawezi kulisifu. Lakini harufu ya ganda lake ni kubwa sana, na njo hiyo Wajapani wanatafuta.

Neno kosho, kwa Kijapani cha kawaida, ni pilipili manga. Lakini kwa wazee wa kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini, kosho ni pilipili yetu hii inayochoma. Basi yuzu kosho ni ganda la yuzu, pilipili na chumvi, vilivyotwangwa pamoja na kuachwa vilale. Vitu vitatu tu. Kiungo hiki kilianza huko Kyushu, kwenye milima ya Oita na Fukuoka, na pande zote mbili zinasema ni kwao kilikozaliwa.

Iko ya namna mbili. Ya kijani inatengenezwa na yuzu zisizoiva pamoja na pilipili mbichi za kijani: inachoma kwa ukali na inanukia sana. Nyekundu inatengenezwa na yuzu zilizoiva, za manjano, pamoja na pilipili nyekundu: hiyo ni tamu kidogo, haina haraka. Wajapani wanaweka kidogo tu, kama ncha ya kijiko, ndani ya supu, juu ya kuku wa kuchoma, ku samaki, au ndani ya chungu cha mboga na nyama kinachochemka katikati ya meza.

Namna ya kuitengeneza na ndimu zetu

Yuzu hatuna, na hatusemi mupande. Muti wa yuzu unaoanzia ku mbegu unaweza kupita miaka kumi mbele ya kuzaa. Ndiyo maana Wajapani wenyewe wanaupandikiza juu ya shina la jamaa yake. Lakini njia ni ileile kwa ndimu. Haitakuwa yuzu kosho yenyewe, juu harufu ni ingine, ila ni kiungo kizuri.

Tafuteni:
- ganda la ndimu lililokwanguliwa, grama 100 (ndimu 20 hivi, kulingana na ukubwa)
- pilipili, grama 100, bila vikonyo
- chumvi laini, grama 40 (vijiko vikubwa viwili na nusu, vilivyosawazishwa)
- maji ya ndimu, vijiko viwili vikubwa

1. Chagueni ndimu ambazo hazikupigwa dawa karibu na mavuno. Hapa tunakula ganda, na dawa inabaki ku ganda. Osheni vizuri, kausheni na kitambaa safi.

2. Kwangueni ile ngozi ya juu tu, yenye rangi. Mukifika ku nyama nyeupe, simameni. Ile nyeupe ni chungu, na uchungu wake hautoki.

3. Pasueni pilipili, toeni mbegu. Vaeni gani ao mufunge mikono na mufuko wa plastiki. Musiguse macho, wala kubeba mutoto mbele ya kunawa na sabuni.

4. Twangeni pilipili na chumvi mu kinu mpaka iwe laini. Ongezeni ganda, twangeni tena. Mwisho maji ya ndimu.

5. Chemsheni bokali na vifuniko vyake dakika 10, viacheni vikauke. Jazeni, mukandamize na kijiko ili hewa itoke, mufunge.

6. Wekeni pahali pa baridi, pasipo jua, wiki moja mbele ya kuonja. Siku za kwanza chumvi inapiga kelele peke yake. Kisha wiki moja ao mbili, vitu vyote vinakuwa vimesikilizana.

Juu ya nini chumvi mingi hivyo?

Wengine watasema: "Ile chumvi ni ya kupita kipimo, tupunguze." Apana. Chumvi njo mulinzi. Kwa kila grama 100 za ganda na pilipili, tunaweka grama 20 za chumvi. Pamoja na ukali wa ndimu, inazuia vidudu vinavyoozesha. Huko Japani kuna watu wanaoweka kidogo kuliko hapo, lakini wao wana frigo. Sisi ambao hatuna, tushike kipimo. Kila mara tumieni kijiko safi na kikavu. Mukiona ukungu, ao gesi inasukuma kifuniko, ao harufu imebadilika, mutupe bokali yote, si sehemu ya juu tu.

Na juu chumvi ni mingi, hii si mboga. Mukipika nayo, musiongeze chumvi ingine mbele ya kuonja. Mwenye ugonjwa wa tension aiache.

Inaliwa na nini kwetu?

Pakeni kidogo ku samaki mbele ya kumuweka ku moto. Changeni nusu ya kijiko kidogo mu maharagi wakati mumeisha kuepua, juu moto mukali unafukuza harufu. Ku supu ya kuku, kila mutu ajiwekee mu sahani yake. Hivyo watoto hawalii.

Somo la koperative

Katika kisiwa cha Shikoku kuko kijiji kinaitwa Umaji. Watu hawafiki 1000, na karibu inchi yote ni pori. Yuzu zao hazikuwa nzuri kwa macho, kwa hiyo ku soko la matunda mabichi hazikupata bei. Koperative yao ikaamua kuuza vitu vilivyotengenezwa. Walianza na maji ya yuzu, wakaendelea na michuzi, na mwaka 1988 wakatoa kinywaji cha yuzu na asali kilichojulikana Japani nzima. Leo hata mbegu wanazikamua mafuta ya kupaka ngozi. Tunda lililokuwa linadharauliwa njo linalisha kijiji.

Lakini tusidanganyane: pesa haikuja kwa bokali ya kwanza. Mbele ya koperative kuingia, hesabuni ndimu, pilipili, chumvi, bokali, kuni, na saa za wale wanaokwangua, juu kazi hiyo ni ndefu. Bokali ndizo zinakulaga faida. Tengenezeni bokali kumi, muwape wapishi wa mikahawa na majirani waonje, muulize wangelipa ngapi. Kama bei yao haifikie gharama, mumepoteza bokali kumi tu, si pesa ya wanachama wote. Kama inapita, andikeni kipimo kimoja, na kila mutu akifuate, ili bokali ya leo na ya mwezi ujao zifanane. Ku kila bokali bandikeni karatasi: vitu vilivyomo, na tarehe iliyotengenezwa.

Na maji ya zile ndimu 20? Musiyamwage. Yanafaa juisi, na yanaweza kuuzwa siku ileile.