Safari ya Loiyangalani: Mama Mkwe Alipokataa Maji

Kutoka Kiamunyi hadi Loiyangalani, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na sijui barabara nyingine humu nchini inayobadilisha sura mara nyingi hivyo. Unapitia Nakuru mjini, unapanda Subukia, unavuka ikweta na kuingia Nyahururu yenye baridi, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Halafu Rumuruti na Maralal. Kutoka hapo unateremka hadi Baragoi, unapenya katikati ya milima ya South Horr, na mwishowe ziwa linakutokea ghafla, la kijani, mbele ya mawe meusi ya volkeno. Hapo uko chini ya mita 400. Uliyeondoka nyumbani na sweta sasa unatafuta kivuli, na hakuna.

Desemba iliyopita tulifunga safari hiyo kumtembelea shemeji yangu anayefundisha huko. Tulikuwa watano garini, akiwemo mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 68. Ana presha, na kila asubuhi humeza kidonge kile cha kumfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Tulilala Maralal salama, tukauliza polisi hali ya njia, tukaendelea.

Mbele ya Maralal tuliiacha lami. Kila nilipompa chupa ya maji mama aliipokea, akashukuru na kuiweka miguuni. "Niko sawa, mwanangu, endesha tu," alisema. Nami nikaendesha. Baada ya Baragoi alianza kulalamika kichwa, kisha akanyamaza. Tuliposimama na kumfungulia mlango, alishindwa kusimama na akamwuliza binti yake kama tumefika Nyahururu.

Sababu tuliijua baadaye. Mama hakunywa maji tangu alfajiri kwa kuwa hangeweza kumwambia mkwe wake asimamishe gari ili yeye aingie kichakani. Wasomaji wenye wakwe wanaelewa. Kosa lilikuwa langu: nilihesabu petroli, magurudumu ya akiba na jeki, lakini sikupanga vituo vya kujisaidia.

Huko kaskazini jasho hukauka kabla hujaliona, hasa upepo unapovuma, hivyo abiria hudhani hapotezi maji. Mtu mzee naye hahisi kiu upesi kama kijana. Ukiongeza dawa ya kukojoza, maji mwilini hupungua haraka. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mkojo mchache wa rangi ya chai. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa kama mama, au akizimia, au ngozi ikiwaka moto, hiyo ni hatari ya kufa.

Tulimlaza kwenye kivuli cha gari, tukamlegeza nguo, tukalowesha leso na kumpepea. Akili ilipomrudia vyema tulimpa maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo. Kipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Aliye nusu fahamu asinyweshwe chochote, kwani atapaliwa. Anamwagiwa maji na kukimbizwa hospitali. Sisi tuligeuza gari hadi kituo cha afya, akatundikiwa maji, na jioni alikuwa akiulizia chai.

Mwenye presha au kisukari amwone daktari kabla ya safari kama hii, aulize vidonge vyake vinamezwaje penye joto. Asijiachishe dawa mwenyewe. Bebeni lita tano za maji kwa kila mtu kwa siku, na msitegemee ziwa: maji yake yana magadi na floridi nyingi.

Jambo lingine ni homa. Sisi wa Nakuru hatukuzoea malaria, na miili yetu haina kinga. Laleni ndani ya chandarua, na mwulizeni daktari dawa ya kuzuia. Chandarua kilichotiwa dawa husaidia pia dhidi ya usubi wanaoeneza kala-azar, ugonjwa ulioko Marsabit, Turkana na hata jirani zetu wa Baringo. Huo unaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, kwa homa isiyokoma, kukonda na wengu kuvimba, na usipotibiwa huua. Kwa hivyo ukipata homa baada ya kurudi, hata kama ni Machi au Aprili, mwambie daktari kwamba ulilala Loiyangalani. Asipouliza, mwambie.

Tuliporudi, mama alikaa kiti cha nyuma na mke wangu, na kila saa moja mke wangu alitangaza kwamba *yeye* ndiye anayetaka kusimama. Kwa hesabu yangu tulisimama mara kumi na moja kabla ya Nyahururu.