Jina la Mjakazi katika Othello

Katika tanzia ya Shakespeare iitwayo Othello, iliyochezwa kwenye jumba la kifalme la Whitehall, mjini London, tarehe 1 Novemba 1604, yuko mwanamke asiyeonekana jukwaani hata mara moja, ambaye Desdemona, usiku ule ule atakaouawa na mumewe, Othello, anamkumbuka kwa maneno machache: alikuwa mjakazi wa mama yake, jina lake Barbary, alipenda akaachwa, akafa huku akiimba wimbo wa huzuni. Habari zake zinakoma hapo. Walakini Barbary ndilo jina ambalo Waingereza wa zama zile waliipa pwani ya Maghribi, na kwa kuwa balozi wa Sultani wa Maroko alikuwa amekaa London kwa miezi kadhaa mwaka 1600, sidhani kuwa wasikilizaji wote walilisikia jina hilo bila ya Afrika kuwapitia moyoni.

Toni Morrison, mwandishi mashuhuri wa Marekani, hakulipita jina hilo. Katika tamthilia yake Desdemona, iliyoongozwa na Peter Sellars na kuonyeshwa Vienna mwaka 2011, wafu wanakutana ahera, na mjakazi, ambaye nyimbo zake zilitungwa na kuimbwa na Rokia Traoré wa Mali, anabainisha kwamba jina lake la haki ni Sa'ran. Na Desdemona anapodai kuwa walikuwa marafiki, Sa'ran anamjibu kwamba yeye alikuwa mtumwa wake. Iago, mfitini ambaye kwa Shakespeare ana mistari mingi kumshinda Othello mwenyewe, hapa hayumo.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa rai yangu, ni wakati. Huko kisiwani Kipro, katika tanzia ya Shakespeare, fitina ya Iago inakwenda mbio hata ukweli haupati nafasi ya kuifikia: Emilia, mke wa Iago, anaieleza siri ya leso iliyotumiwa kumsingizia Desdemona uzinzi, maiti ikiwa tayari kitandani, na Desdemona, aliyeomba nusu saa tu ya uhai, ananyimwa. Morrison amewapa wafu nusu saa ile, na baada yake muda usio na ukomo, wakaweza kuulizana, kulaumiana na kukiri. Kwa tendo hilo Sa'ran amepata insafu aliyoikosa kwa karne nne. Lakini hofu inayomkaba mtazamaji koo, akitamani kupaza sauti kabla mto haujashuka usoni pa Desdemona, imeondoka, kwani ahera hakuna tena wa kuokolewa.

Msomaji atakayevipata vitabu hivi viwili na aanze na cha Shakespeare, naye afikapo penye jina la Barbary, asipite kwa haraka.