Mwanafunzi wa kigeni haji chuoni mikono mitupu

Chukua wanafunzi watatu waliofika Nairobi kusomea shahada. Mmoja katoka Bukavu, wa pili Juba, wa tatu Mogadishu. Vyuo vyetu vingi huwapa wote jina moja, wanafunzi wa kigeni, na wasipokuwa na cheti cha kuthibitisha Kiingereza chao huwatia katika darasa moja la matayarisho kwa muhula mmoja au zaidi. Humo hufunzwa mambo yale yale, kwa kitabu kile kile, kana kwamba wote watatu walizaliwa juzi.

Mimi naona darasa la namna hiyo limejengwa kombo tangu msingi. Wenzetu duniani waliofanikiwa kuvumbua njia bora za kufundisha Kiingereza cha chuo kikuu walianza kwa kuuliza maswali mawili: mwanafunzi huyu anakuja na nini, na anakwenda kusoma nini? Hapa kwetu swali la kwanza haliulizwi, na jibu lake, kwa bahati njema, mara nyingi ni Kiswahili.

Katika jengo ninaloishi hapa Nyayo Highrise, wapangaji wanafunzi si haba. Ukikaa hapa, Madaraka iko karibu kwa anayesoma Strathmore, na kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko pale Kenyatta. Jirani yangu mmoja ni binti wa Bukavu. Alikuwa amesoma uchumi kwa Kifaransa miaka miwili kabla ya kuja. Siku moja nilimuuliza masomo yanaendaje, akacheka cheko la mtu aliyechoka. "Papa, tuko nasoma marangi," akasema. Rangi, bwana! Nyekundu, buluu, kijani. Mtu aliyekwisha kufanya mitihani ya takwimu na uchumi wa fedha analipa karo ya mihula miwili afundishwe majina ya rangi na namna ya kusalimia. Chuo chenyewe sitakitaja, maana sidhani kiko peke yake.

Sasa tumtazame binti huyu kwa jicho la isimu. Mnamo 2000 mtaalamu Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya jamii za maneno 570 ambazo hujirudiarudia katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani, kuanzia sheria hadi biolojia. Maneno hayo huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya aina hiyo. Ndiyo yanayowatoa jasho wanafunzi wengi, wakiwemo wetu wa hapa. Lakini yatazame: "analyse", "concept", "structure", "hypothesis", "method", "function". Mengi ya maneno hayo asili yake ni Kilatini na Kigiriki, na mengi yaliingia Kiingereza kupitia Kifaransa. Binti wa Bukavu anayajua! Anachohitaji ni kubadilisha matamshi na tahajia kidogo. Kwake mambo yamepinduka: maneno mazito ni mepesi, na yale mepesi tunayoyasema sokoni bila kufikiri, "get", "put off", "look into", ndiyo mazito.

Kifaransa hichohicho kina mitego yake, na mitego hiyo inajulikana. Mfaransa akisema "assister" pamoja na kitu fulani, maana yake ni kukihudhuria. Mwingereza akisema "assist", amesaidia. Basi mwanafunzi akiandika kwa Kiingereza kwamba alihudhuria mhadhara, mhadhiri anasoma kwamba kijana huyu alimsaidia kufundisha. "Librairie" ni duka la vitabu, si maktaba. "Éventuellement" ni huenda, ilhali neno la Kiingereza linalofanana nalo ni hatimaye. Hebu fikiria ripoti ya utafiti inayosema dawa hatimaye ilimponya mgonjwa, kumbe mwandishi alikusudia kusema huenda ingemponya. Mwalimu anayejua mwanafunzi katoka wapi atayamaliza haya kwa juma moja au mawili. Asiyejua atayasahihisha kwa kalamu nyekundu mmoja mmoja kwa miaka minne.

Kubwa zaidi ya msamiati ni mpango wa hoja. Aliyesoma katika mfumo wenye asili ya Kifaransa au Kibelgiji amefundishwa insha yenye ngazi tatu: kwanza dai, kisha pingamizi lake, kisha upatanisho wa yote mawili. Msimamo wake mwenyewe huja mwishoni, baada ya msomaji kutembezwa pande zote. Mhadhiri wetu aliyezoea utaratibu wa Kiingereza anataka msimamo katika aya ya kwanza. Asipouona anaandika pembeni kwamba insha haina hoja. Inayo. Iko ukurasa wa sita.

Wa Juba naye ana yake. Kiingereza ndicho lugha rasmi ya Sudan Kusini tangu uhuru wa 2011, lakini lugha ya mtaani katika jiji lile ni Kiarabu cha Juba, krioli iliyopunguza sana minyambuliko ya Kiarabu. Kitenzi hakibadiliki kwa kufuata nafsi. Kipashio "gi" huonyesha kitendo kinachoendelea na "bi" huonyesha kijacho, kama vile sisi tunavyotumia -na- na -ta-. Si ajabu basi akisahau ile "s" ndogo ya Kiingereza ambayo huchomoza katika nafsi ya tatu umoja tu. Jambo linalonifurahisha ni kwamba kijana wa Juba akivuka barabara kutoka hapa Highrise akaingia Kibera, atawakuta wazee wa Kinubi wanaozungumza lugha iliyo ndugu wa damu wa lugha yake. Kinubi na Kiarabu cha Juba vilitokana na shina moja, lugha ya askari walioletwa kusini na majeshi ya karne ya 19. Wajukuu wao ndio waliopewa makazi hapa na serikali ya kikoloni, na jina Kibra lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu. Wanubi hao wana vizazi kadhaa vya uzoefu wa kutoka katika lugha ile kuingia Kiswahili na Kiingereza. Sijasikia chuo kilichowahi kuwaita wazungumze na wanafunzi.

Kuhusu Msomali nitakuwa mfupi. Lugha yake ilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972, kwa hiyo kusoma herufi si tatizo. Haina sauti ya "p", ndiyo maana utaona "b" mahali pake hata katika maandishi. Ila ana hazina ya maneno ya Kiarabu anayoshiriki nasi: "sabab" yake ni sababu yetu, "su'aal" ni swali, "daqiiqad" ni dakika. Mtu huyu hahitaji kufundishwa dhana ya sababu na matokeo. Anahitaji viunganishi vya Kiingereza vya kuibeba.

Wengine wamefanyaje? Mnamo 1980 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, Tim Johns na Tony Dudley-Evans, walichapisha taarifa ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa kigeni wa uzamili katika fani za uchukuzi na biolojia ya mimea. Walimweka mwalimu wa lugha na mhadhiri wa somo chumba kimoja. Mhadhara ulirekodiwa, mwalimu wa lugha akausikiliza na kutayarisha maswali, kisha wote watatu, yaani wanafunzi, mhadhiri na mwalimu wa lugha, wakaketi pamoja kuchambua nini kilieleweka na nini kilipotea. Uzuri wa mpango huo ni kwamba hata mhadhiri hujifunza. Hugundua kwamba istilahi zake za kitaalamu zilieleweka vizuri, ila mzaha na misemo ya mtaani aliyotia katikati ndiyo iliyowapoteza watu.

Mwingine ni John Swales, ambaye wasomi wa uandishi wa kitaaluma wanamjua zaidi kwa kazi yake ya Michigan, Marekani. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, alifundisha Chuo Kikuu cha Khartoum. Huko alikuwa na kazi ya kuwasaidia Wasudani waliosomea sayansi kwa Kiingereza. Katika kitabu chake cha 1990 alieleza kwamba utangulizi wa makala ya utafiti huwa na hatua tatu. Kwanza mwandishi anaonyesha shamba lenyewe na umuhimu wake. Kisha anaonyesha kipande ambacho bado hakijalimwa. Mwisho anaingia na jembe lake na kutangaza atakacholima. Mwanafunzi akielezwa hivyo, kwa lugha yoyote ile, anaweza kuzitafuta hatua hizo mwenyewe katika makala kumi za fani yake. Ufundi ulioanza kukomazwa jirani yetu kando ya Mto Nile sasa hutufikia hapa ndani ya vitabu vya bei ghali kutoka ng'ambo.

Angalia nilivyoeleza hatua hizo tatu: kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Binti wa Bukavu hasemi Kiswahili cha Taifa. Anasema "batoto" badala ya watoto, na "niko naenda ku masomo" badala ya ninaenda shuleni, na watu wa matatu wanamcheka. Lakini anaelewa kila neno ninalomwambia. Ukimpa maagizo ya mtihani wa Kiingereza, "account for" humpa picha ya hesabu za benki. Ukimwambia hapo unaambiwa utoe sababu, amemaliza. Vitenzi vya mtihani katika Kiswahili vimepangika vizuri: taja, eleza, fafanua, linganisha, jadili, tathmini. Kila kimoja kinadai kazi yake, na mwanafunzi anayejua tofauti ya kueleza na kutathmini tayari amekamata nusu ya kile ambacho mtahini wa Kiingereza anakitaka. Ni kazi ya kipindi kimoja, nayo haimgharimu mtu hata senti.

Kwa wageni wa aina yake, basi, Kiswahili ni daraja lililokwisha kujengwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kuna sheria gani basi inayomzuia mwalimu wa Kiingereza wa chuo kikuu kutamka neno la Kiswahili darasani? Hakuna. Kuna mazoea tu.

Nasikia pingamizi, na ni la haki. Watu husema mwanafunzi akiruhusiwa Kiswahili atakificha Kiingereza mvunguni, ahitimu hajui kuandika aya. Hilo linaweza kutokea iwapo Kiswahili kitatumiwa kukwepa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Limpopo, Afrika Kusini, kilianzisha mwaka 2003 shahada inayofundishwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Sesotho sa Leboa, na kila lugha ikapewa masomo yake na mitihani yake. Nako Wales, ambako mwalimu Cen Williams alibuni katika miaka ya 1990 istilahi ya mbinu hii, zoezi lilikuwa la makusudi: unasoma kwa lugha moja, unaandika au kueleza kwa nyingine. Soma makala ya Kiingereza, jadilianeni kwa Kiswahili, kisha muhtasari uandikwe kwa Kiingereza na usahihishwe bila huruma. Huwezi kuandika muhtasari wa kitu ambacho hukukielewa, na Kiswahili ndicho kilichokusaidia kukielewa.

Ipo na kejeli yake. Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne akiomba nafasi Uingereza, aghalabu huambiwa afanye IELTS, alipie, na matokeo yakipita miaka 2 hayatambuliwi tena. Tunalalamika, na tuna haki. Kisha kijana wa Kongo anapobisha hodi kwetu tunamfanyia yaleyale, tena sisi tuna lugha moja naye na bado tunamwambia aanze na rangi.

Kinachokwamisha mambo, kwa niliyoyaona, si nadharia. Walimu wengi wa madarasa haya ya matayarisho ni vibarua wanaolipwa kwa saa waliyosimama darasani. Saa ya kuketi na mhadhiri wa uchumi kusikiliza rekodi ya mhadhara wake hailipwi. Saa ya kumhoji kila mgeni katoka wapi na anajua lugha gani hailipwi. Wala idara ya Kiswahili, ambayo mara nyingi iko ghorofa ileile na idara ya Kiingereza, haina njia ya kuazimisha mwalimu wake kwa saa 3 kwa wiki bila barua kupanda hadi kwa naibu mkuu wa chuo na kushuka tena. Jirani yangu alimaliza mihula yake miwili Aprili. Sasa yuko mwaka wa kwanza wa uchumi, anasoma upya aliyoyasoma Bukavu, na insha yake ya kwanza imerudi na alama ya kuuliza pembeni: hoja iko wapi?