Kamati ya Maafa Huanzia Kijijini

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, vikasomba nyumba na watu. Tulisali, tukachanga, wengi pia tuliuliza msaada wa Serikali hupitia wapi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kamati za maafa huanzia kijiji au mtaa, kisha kata, wilaya, mkoa hadi Taifa. Basi mpangaji asiyefahamika kwa mwenyekiti wake ni rahisi kusahauliwa waathirika wanapoorodheshwa. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinawajua wagonjwa na wazee wanaoishi peke yao. Tuyafikishe majina yao kwa kamati kabla ya mvua, pamoja na jina la atakayewabeba.