Sauti Mbili katika Sikio Moja

Tumekwisha kujifunza kwamba sauti hutokana na mtetemo, na kwamba mtetemo huweza kusafiri katika hewa, maji na vitu vigumu. Sasa tutachunguza jinsi mambo yanavyokuwa wakati sauti mbili zinapofika sikioni kwa njia moja.

Chukueni mikebe mitatu mitupu. Toboeni tundu dogo katika kitako cha kila mkebe, pitisheni uzi katika tundu hilo, kisha pigeni fundo kwa ndani ili uzi usichomoke. Ncha zilizobaki za nyuzi hizo tatu zifungeni pamoja. Wanafunzi watatu washike mikebe na kusimama mbalimbali mpaka nyuzi zikaze. Wa kwanza aimbe ndani ya mkebe wake. Wa pili asome polepole tarakimu nane ndani ya mkebe wake. Wa tatu aweke mkebe sikioni na kuandika tarakimu anazozisikia. Huenda akakosa moja au mbili. Rudieni tena jaribio hilo, lakini mara msomaji anapoanza kusoma, mwanafunzi wa nne aubane kwa vidole uzi wa mwimbaji. Uzi uliobanwa hautetemi vizuri, kwa hiyo wimbo hufifia na tarakimu husikika.

Kazi ya vidole hivyo ndiyo inayofanywa na chombo kimoja kilichomo katika ndege ndogo nyingi.

Injini ya ndege ndogo hutoa kelele nyingi, tena iko karibu sana na rubani. Kwa sababu hiyo rubani huvaa visikizio, yaani vikombe viwili vinavyofunika masikio na kuzuia kelele, kila kimoja kikiwa na spika ndogo ndani yake. Mbele ya kinywa chake kuna maikrofoni. Kwa vifaa hivi yeye husikiliza redio, ambayo humletea maagizo ya mwongoza ndege aliye mnarani. Vilevile huzungumza na abiria au rubani mwenzake kwa simu ya ndani ya ndege. Safari ikiwa ndefu, marubani wengine hupenda kuongeza sauti ya tatu, nayo ni muziki. Kutaka muziki si kosa. Jambo la kuangaliwa ni namna muziki huo unavyoingia.

Maagizo ya redio huwa na tarakimu nyingi: ndege ipande mpaka futi 5,000, au igeukie upande fulani. Tarakimu moja ikipotea, ndege yaweza kwenda mahali pasipo pake. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife nchini Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, na watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Kulikuwa na ukungu mzito, na maneno ya redio hayakueleweka vizuri. Lakini sababu mojawapo ilikuwa hii: mnara na ndege moja walisema redioni kwa wakati uleule, na katika ndege ya pili kukasikika mlio mkali badala ya maneno yote. Sauti zilizogongana hivyo hewani, rubani hawezi kuzitenganisha. Zile zinazokutana ndani ya ndege yake mwenyewe zinaweza kupangwa.

Je, tuunganishe tu waya wa redio na waya wa chombo cha muziki, kisha tuvipeleke pamoja kwenye visikizio? Hapana. Fikirini ndoo mbili za maji, moja imewekwa juu ya meza na nyingine juu ya kigoda. Kila ndoo ina mpira wa maji, na mipira hiyo miwili imeunganishwa na mpira wa tatu unaokwenda bustanini. Maji mengi ya ndoo ya juu yatakimbilia ndoo ya chini, na bustani itapata kidogo. Umeme nao hufanya vivyo hivyo. Mkondo unaotoka katika redio, badala ya kwenda wote kwenye visikizio, huingia katika chombo cha muziki. Sauti hudhoofika, na chombo chaweza kuharibika. Kibaya zaidi, nyaya za muziki zikigusana kwa ajali, zinaweza kuinyamazisha redio kabisa.

Dawa yake ni kuweka kikinzani katika kila waya kabla ya nyaya hazijakutana. Kikinzani ni kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme, kama vile mpira mwembamba unavyopunguza maji. Sasa kila chombo hakiwezi kumeza mkondo wa mwenziwe. Ni kweli kwamba sauti hupungua nguvu kidogo, lakini kikuza sauti huirudisha.

Ndipo huja ile kazi ya vidole. Chombo cha kuchanganya sauti hupima umeme unaotoka katika redio. Mara maneno yanapoingia, huukata muziki au kuushusha. Maneno yakiisha, huuinua tena polepole. Rubani haguswi na kazi hiyo. Katika vyombo vingi vizuri kuna jambo jingine la busara: umeme wa chombo hicho ukikatika, visikizio vya rubani huungana moja kwa moja na redio, na muziki huachwa nje.

Hata hivyo, chombo hiki hakilindi kila sauti. Katika baadhi ya ndege ndogo aina ya Cessna kuna tundu mbele ya bawa. Mabawa yanapokaribia kushindwa kuibeba ndege, hewa hufyonzwa kupitia tundu hilo na kutetemesha ulimi mwembamba, mfano wa ulimi wa zumari, nao hulia. Mlio huo haupiti katika waya wowote. Vilevile injini inapoanza kukohoa, hakuna swichi itakayozima muziki. Kwa hiyo wakati wa kupaa na kutua muziki huzimwa kwa mkono. Nchini Marekani, tangu 1981, marubani wa mashirika ya ndege wamekatazwa kufanya jambo lolote lisilohusu usalama wa safari wakiwa chini ya futi 10,000, isipokuwa wakati ndege inasafiri katika kimo chake cha kawaida.

Rudieni jaribio la mikebe mara ya tatu. Safari hii baneni nyuzi zote pale penye fundo la katikati, siyo uzi wa mwimbaji. Msikilizaji anapata tarakimu ngapi? Elezeni sababu yake, kisha semeni swichi ya kukata muziki iwekwe sehemu gani ya waya: kabla ya nyaya kukutana, au baada ya kukutana?